Kupanda Mparachichi Nyumbani Lamu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Je, mparachichi unaweza kustawi Lamu, au ni mti wa nchi za baridi tu?

Unaweza, ila si kila aina. Asili ya mti huu ni Meksiko na Amerika ya Kati, na umegawanyika katika makundi matatu: la milima ya Meksiko, la nyanda za juu za Guatemala, na la nyanda za chini zenye joto, ambalo wataalamu huliita kundi la Karibi. Kundi hili la tatu ndilo linalovumilia joto na unyevu wa pwani, na ndilo pia linalostahimili chumvi kuliko mengine mawili. Aina ya Hass, ambayo ndiyo maarufu sokoni na inayopelekwa nje ya nchi, ni chotara wa makundi ya Meksiko na Guatemala, na hiyo ndiyo sababu inapendeza Murang'a na Kisii lakini huhangaika mahali ambapo hata usiku wa Julai mtu hahitaji blanketi.

Watu wengi hudhani kwamba jua ndilo linaloiua miparachichi ya kisiwani. Jua huchangia, hasa mti ukiwa mchanga, lakini muuaji mkubwa ni chumvi iliyomo majini, na baada yake ni mizizi kukosa hewa. Kwa hiyo majibu mengi yanayofuata yatarudi kwenye maji, hata pale ambapo swali halikuyataja.

Naweza kupanda kokwa la parachichi nililonunua sokoni?

Litaota bila shida, lakini hutajua umepanda nini. Ziko aina za embe ambazo kokwa lake hutoa mche unaofanana kabisa na mama yake. Parachichi haliko hivyo. Kila kokwa la parachichi ni mchanganyiko mpya wa mti uliolizaa na mti uliotoa chavua, kwa hiyo tunda tamu linaweza kuzaa mti wenye matunda ya nyuzinyuzi, na lililo duni likazaa mti mzuri. Tena itakubidi usubiri miaka mitano hadi kumi, pengine zaidi, kabla ya kupata jibu.

Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi hasa. Maparachichi mengi tunayoyaona Lamu yametoka bara, yakashushwa Mokowe na kuvushwa kwa mashua. Kokwa la tunda la milimani hubeba tabia za milimani, pamoja na mizizi isiyopenda chumvi. Ukitaka kuotesha kokwa, tafuta tunda la mti uliokwisha kuzaa hapa pwani, lile kubwa lenye ngozi laini ya kijani na nyama yenye majimaji. Hata kama matunda ya mti huo hayakuvutii, mche wake utakufaa kama shina la kuungia aina bora.

Kokwa huoteshwaje?

Lisiachwe likauke, kwa sababu kokwa la parachichi halihifadhiki kama mahindi au maharage. Likikaa juani siku chache, uhai wake umekwisha. Lioshe mara tu baada ya kula tunda, ulibandue ile ngozi nyembamba ya kahawia, kisha ulitazame vizuri. Upande mmoja ni bapa na mwingine umechongoka kidogo. Upande bapa ndio utoao mizizi, na ndio unaokaa chini.

Njia ya kulichoma njiti tatu na kulisimamisha juu ya glasi ya maji huwafurahisha watoto, kwani huona kokwa likipasuka katikati na mzizi mweupe ukijitokeza, kwa kawaida baina ya wiki mbili na sita, ingawa mengine huchelewa zaidi. Binafsi napendelea mfuko wa kitalu wenye udongo uliochanganywa na mboji, kokwa likifukiwa hadi ncha yake tu ndiyo ionekane, na mfuko ukikaa kivulini. Mizizi iliyozoea glasi ni laini mno, na mche huduwaa kwa muda unapohamishiwa udongoni. Njia yoyote utakayotumia, tumia maji ya mvua au ya chupa, maana mche mchanga ndio unaodhurika upesi zaidi na chumvi.

Mche wa kuunga una faida gani, na nitaupata wapi?

Mche wa kuunga ni ule ambao kijiti cha mti unaojulikana kimeunganishwa juu ya shina la mche ulioota kwa kokwa. Huanza kuzaa baada ya miaka mitatu au minne, na matunda yake ni yale yale ya mti kilikotoka kijiti. Unaponunua, uliza maswali mawili: juu ni aina gani, na chini ni shina la kokwa la wapi. Wauzaji wengi wana jibu la swali la kwanza tu, ilhali kwa Lamu la pili ndilo zito zaidi, kwa sababu shina la chini ndilo lenye mizizi, na mizizi ndiyo itakayokutana na chumvi. Kwa upande wa juu, aina za kundi la Karibi kama Pollock na Simmonds, au chotara wa Karibi na Guatemala kama Booth 7, zinafaa zaidi nchi ya joto kuliko Hass au Fuerte.

Shirika la utafiti wa kilimo la KALRO lina kituo Mtwapa, kaunti ya Kilifi, kinachoshughulikia mazao ya Pwani, na ni mahali pazuri pa kuanzia kuuliza. Kagua mche kabla ya kulipa: kiungo kiwe kimefunga bila ufa, na ukipekua udongo kidogo, vijizizi viwe vyeupe au rangi ya maziwa. Vijizizi vyeusi vinavyokatika kwa kuguswa ni dalili ya ugonjwa wa kuoza mizizi, ambao ukishaingia katika shamba lako hautoki kwa urahisi.

Maji ya kisima changu ni matamu na tunayanywa. Si yatafaa mti?

Huenda yakafaa, huenda yasifae, na ulimi hauwezi kukuambia. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba mtu huanza kuihisi ladha ya kloridi, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya chumvi ya bahari, inapozidi takriban miligramu 250 katika lita moja ya maji. Mparachichi huanza kupata madhara maji yanapokaribia miligramu 100. Baina ya viwango hivyo viwili yako maji ambayo wewe utayasifu na mti utayalalamikia.

Ili kuona jinsi kiwango hicho kilivyo kidogo, fikiria kwamba lita moja ya maji ya bahari ina gramu 19 hivi za kloridi. Chukua pipa la lita 200 la maji safi ya mvua, ulimiminie lita moja tu ya maji ya bahari ukakoroga: pipa zima limekwisha kufika kwenye mpaka wa madhara.

Maji baridi ya kisiwa chetu hutokana na mvua iliyozama mchangani na kuelea juu ya maji ya chumvi yaliyo chini zaidi. Vilima vya mchanga vya Shela ndivyo ghala kubwa la maji hayo, na ndiyo sababu hifadhi yake husisitizwa sana. Kisima kinapovutwa kwa pampu kupita kiasi, hasa Januari hadi Machi wakati mvua ni haba, maji ya chumvi hupanda. Kisima kile kile kinaweza kuwa kizuri Juni na kibaya Machi, basi kipimo cha mara moja hakitoshi. Kifaa kidogo cha kupima upitishaji wa umeme majini, ambao huonyesha wingi wa chumvi, kinauzwa katika maduka ya vifaa vya kilimo na vya samaki wa kufugwa. Kikisoma chini ya desisimensi 0.75 kwa mita, tumia maji hayo kwa amani. Kikisoma zaidi ya hapo, yachanganye na maji ya mvua, au acha wazo la mparachichi na upande mkunazi, mnazi au mkwaju, miti ambayo haina makuu.

Nitazijuaje dalili za chumvi, na nifanye nini nikiziona?

Tazama majani makuukuu, si machipukizi. Ncha ya jani hugeuka kahawia iliyokauka, kisha ukavu hutambaa kufuata kingo zote mbili kuelekea kwenye kikonyo, huku katikati ya jani ikibaki kijani. Mpaka baina ya sehemu kavu na mbichi huwa dhahiri. Mti wenye kiu tu huwa hivi: majani yote hulegea pamoja, na yakipata maji jioni huamka asubuhi. Jani lililoungua kwa chumvi haliamki.

Kosa linalofanyika mara nyingi ni kuupa mti huo maji kidogo kidogo kila siku kwa kuuhurumia. Maji machache hukauka juu ya ardhi na kuiacha chumvi pale pale kwenye mizizi, na kila siku inaongezeka. Inafaa kumwagilia kwa nafasi lakini kwa wingi, maji yazame yapite chini ya mizizi na kuondoka na chumvi. Ikiwa una akiba ya maji ya mvua, tumia hayo kwa kuoshea udongo. Masika yenyewe hufanya kazi hiyo bure, hasa mwezi wa Mei. Mti ulioonekana kuelekea kufa mwezi wa Machi mara nyingine huchipua upya Juni bila mtu kuugusa. Usiyapunguze majani yaliyoungua nusu, kwa sababu nusu iliyobaki bado inaulisha mti.

Nikusanyeje maji ya mvua ya kutosha mti mmoja?

Kila milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja ya maji. Paa la mita 20 za mraba likipata mvua ya milimita 30, ambayo si ajabu kwa siku moja ya masika, limekusanya lita 600, kasoro kiasi kidogo kinachopotea. Paa la mabati au la zege ndilo bora. La makuti hutoa maji ya rangi ya chai, ambayo mti hauyajali lakini mifereji huziba. Nyumba zenye birika la zamani la kuhifadhia maji lililo zima zina bahati kubwa, ilimradi lisafishwe na lifunikwe mbu wasizaliane.

Nipande wapi: kiwandani (uani, ndani ya nyumba), nyuma ya nyumba, au shambani?

Kiwanda cha nyumba ya mji wa kale kwa kawaida hakifai. Mparachichi hufika mita kumi na kupita, unataka jua kwa muda wa saa sita au zaidi kwa siku, na kiwanda chenye kuta ndefu hupata jua la adhuhuri tu. Pia udongo wake mara nyingi ni kifusi cha chokaa na mawe ya matumbawe, ambacho mti huu haukipendi. Kama mahali palipopo ni hapo tu, panda mkomamanga au mndimu.

Nyuma ya nyumba au shambani, acha nafasi ya mita tano au zaidi kutoka ukutani, kwenye birika na kwenye shimo la choo. La muhimu zaidi ni upepo. Kusi na Kaskazi zote mbili hubeba chembechembe za maji ya bahari, na jani la mparachichi huungua kwa chumvi itokayo hewani kama linavyoungua kwa ile itokayo kisimani. Upande uelekeao bahari pawe na ukuta, ua wa miti au safu ya miembe iliyokwisha kukomaa. Wenzetu wa miji ya Hindi na Mpeketoni, walio bara na mbali kidogo na ufuo, wana nafasi nzuri zaidi kuliko sisi wa kisiwani, na hakuna haja ya kujifanya mambo ni sawa.

Shimo liwe la namna gani, na samadi ya punda inafaa?

Chimba shimo la sentimita 60 kila upande na kwenda chini, ukitenga udongo wa juu na ule wa chini. Ukikuta maji au mwamba kabla ya kufika kina hicho, usiendelee mahali hapo; badala yake jenga tuta la nusu mita kwenda juu, lenye upana wa mita mbili hivi, upande juu yake. Mizizi ya mparachichi haina vinyweleo vingi kama ya miti mingine, na ile inayolisha mti hukaa karibu na uso wa ardhi. Ikizama katika maji kwa siku chache tu, kimelea wa kuozesha mizizi, Phytophthora cinnamomi, hupata nafasi aliyokuwa akiingoja.

Samadi ya punda inafaa sana, na Lamu haikosekani. Mbichi ina mkojo, ambao una chumvi na joto la kuchachuka, kwa hiyo ilundike mahali penye kivuli, ilowanishwe, ipinduliwe, na ikae miezi mitatu au minne hadi isiwe na harufu wala isitambulike ilikotoka. Changanya debe mbili na udongo wa juu. Usitie majivu ya jikoni, kwani udongo wetu una ukali wa chokaa wa kutosha. Usitie mchanga wa pwani, wala mwani ambao haujaoshwa kwa mvua ya msimu mzima. Wapo wanaofukia matumbo ya samaki chini ya mche. Ni mbolea, lakini paka wa mji huu watakuwa wameufukua mche kabla ya alfajiri.

Ni wakati gani mzuri wa kupanda?

Mwanzo wa masika, Aprili, mvua ikishaingia. Mvua za vuli hapa si za kutegemea, na mche uliopandwa Novemba hukutana na kiangazi cha Kaskazi kabla haujashika.

Baada ya kupanda, mti unahitaji matunzo gani?

Mwaka wa kwanza uwekee kivuli cha makuti upande wa magharibi, kwa sababu jua la alasiri huunguza gome changa. Shina lililo wazi lipakwe rangi nyeupe ya maji iliyozimuliwa nusu kwa nusu. Tandaza majani makavu au makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa kwa unene wa sentimita kumi, ukiacha nafasi ya shubiri moja kulizunguka shina lisioze. Matandazo hupunguza ukaukaji wa maji, na kwa kufanya hivyo hupunguza chumvi kujikusanya juu. Ukiona mchwa wamejenga ndani ya makumbi, yaondoe na utumie majani.

Katika mchanga wetu, mche mpya unataka lita kumi hivi kila baada ya siku mbili au tatu kukiwa hakuna mvua. Kabla ya kumwagilia, ingiza kidole hadi kifundo cha pili: ukihisi ubaridi wa unyevu, ngoja kesho.

Majani machanga yamekuwa manjano lakini mishipa ni kijani. Ni chumvi pia?

Hapana. Huo ni upungufu wa madini ya chuma, na chanzo chake ni matumbawe. Chuma kimo ardhini, ila ukali wa chokaa umekifunga mizizi isikipate. Mboji nyingi husaidia polepole. Dawa ya haraka ni chuma cha aina ambayo wauza pembejeo huijua kwa herufi EDDHA, inayofanya kazi hata katika udongo wa chokaa. Aina za bei nafuu hupotea humo bila faida.

Punda na mbuzi wakiula, mti utapona?

Swali hilo lina upande wa pili unaosahauliwa. Majani, gome na kokwa la mparachichi vina sumu iitwayo pesini. Mbuzi anayenyonyesha akila majani yake huvimba kiwele na maziwa hupungua, na akila mengi moyo wake hudhurika. Farasi na jamaa zake, punda wakiwemo, wamo hatarini, na kasuku wa kufugwa huweza kufa kwa kiasi kidogo. Mji ambao punda hujitembelea vichochoroni hauwezi kuwa na mparachichi usiozungushiwa ua. Jenga ua wa fito wa kimo cha kifua, uwe mbali na mche kiasi kwamba shingo ya punda haifiki, na matawi uliyopogoa usiyatupe njiani.

Mti una maua tele lakini hakuna matunda. Je, nahitaji mti wa pili?

Kuanguka kwa maua peke yake kusikushtue. Mti mzima hutoa maua laki kadhaa, na hata katika mwaka mzuri hayafiki moja katika mia yanayokuwa tunda. Ua la parachichi hufunguka mara mbili: kwanza likiwa la kike, likafunga, kisha siku inayofuata likiwa la kiume. Kwa saa za kufunguka maua, aina zimegawanywa makundi mawili: za kundi A, kama Hass, huwa za kike asubuhi na za kiume alasiri ya siku ya pili; za kundi B, kama Fuerte, huwa za kike alasiri na za kiume asubuhi inayofuata. Mti mmoja pekee huzaa kwa sababu saa za kike na za kiume huingiliana kidogo, ila ukiwa na jirani aliye tayari kupanda wa kundi lile jingine, nyote mtavuna zaidi. Nyuki ndio wabebaji wakuu wa chavua, basi usinyunyize dawa ya wadudu wakati wa maua.

Matunda yana vitobo na yanaoza. Ni nini?

Mara nyingi ni inzi wa matunda. Aina iliyo kali zaidi, Bactrocera dorsalis, iligunduliwa Kenya mwaka 2003, na Lamu yenye miembe mingi ni karamu yake. Funga matunda kwa mifuko ya karatasi au ya kitambaa yakiwa na ukubwa wa yai la kuku. Yaliyoanguka yazikwe kwa kina cha nusu mita, au yafungiwe katika mfuko mweusi na kuachwa juani, kwani tunda linalotupwa jaani hutoa inzi wapya.

Nitajuaje kwamba parachichi limekomaa?

Haliivi mtini, kwa hiyo usingoje lilainike. Chuma moja lililo kubwa, uliweke kabatini: likilainika ndani ya siku saba hadi kumi bila kusinyaa, mengine ya ukubwa huo yako tayari, likisinyaa na kuwa kama mpira, ngoja wiki tatu ujaribu tena. Kata kwa mkasi ukiacha kipande kifupi cha kikonyo. Ukiwa na haraka, liweke kwenye mfuko wa karatasi pamoja na ndizi mbivu. Matunda ya kundi la Karibi hukomaa miezi mitano hadi minane baada ya maua na huwa na mafuta machache kuliko Hass, hivyo yanafaa zaidi kwa sharubati kuliko kupaka mkate.

Mti wangu wa kokwa umefika mwaka wa tisa na matunda yake ni mabaya. Niukate?

Usiung'oe. Mizizi iliyoishi miaka tisa katika mchanga huu imekwisha kuthibitisha kwamba inayaweza maji yako, na hiyo ni mali ambayo kitalu hakikuuzii. Mwite fundi wa kuunga miche mwanzo wa masika, alikate shina kwenye kimo cha mita moja hivi na kuunga vijiti viwili au vitatu vya aina unayoitaka, huku tawi moja la zamani likiachwa ili lilishe mizizi hadi vijiti vishike. Paka shina rangi nyeupe mara moja, maana litakuwa limepoteza kivuli chake, na ulikate lile tawi la zamani mwaka unaofuata.